Ekstensheni nane kufa kwa mpigo

Ndugu, umesema kwenye mtambo wenu wa simu za ofisi, ekstensheni (simu za ndani) 201 hadi 208 zimekufa kwa mpigo na nyingine zote ziko hai. Basi usianze kufumua ukuta kutafuta waya uliokatika. Mitambo mingi ya zamani hubeba laini nane kwenye kadi moja, yaani kipande cha saketi kinachochomekwa ndani ya mtambo, kwa hiyo zikifa nane mfululizo, mshukiwa wa kwanza ni kadi.

Nenda pale waya zinapogawanyika karibu na mtambo, tenganisha waya wa kwenda 201, kisha pima volti upande wa mtambo. Laini ya analogi (ya simu ya kawaida, isiyo ya kidijitali) iliyo hai husoma karibu volti 48 DC, mitambo mingine 24 hivi. Rudia hivyo hadi 208; ukipata sifuri kwenye zote nane, kadi imekufa au imelegea kwenye nafasi yake.

Ila nakuomba sana, kabla hujazima mtambo ili uchomoe kadi, nakili mipangilio yote. Ile betri ndogo kwenye bodi ya mtambo, inayotunza mipangilio umeme ukizimwa, ikiwa imechoka, ukizima tu kumbukumbu inafutika, na hata ekstensheni zilizokuwa nzima zinapotea. Nimeshuhudia ofisi ikikaa siku mbili bila simu kwa sababu hiyo.