Unahamia Dar? Usilipe kodi ya miezi sita kabla hujaijua njia ya kwenda kazini

Juzi usiku mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kanipigia kutoka Mafinga. Kapata kazi Mwenge, anatakiwa aripoti tarehe moja, furaha mpaka sauti inamtetemeka, alafu kabla hata hatujamaliza kupongezana akaniambia dada, kuna dalali kanitumia picha WhatsApp, chumba masta na sebule, taili, gipsamu, fensi na geti, laki moja na nusu kwa mwezi, ila anataka nimtumie ya miezi sita leo leo isije ikachukuliwa na mtu mwingine. Nikamuuliza iko wapi. Akasema Chanika, Dar hapahapa.

Nikamwambia mdogo wangu, usitume hata shilingi kumi. Chanika na Mwenge zote ni Dar kweli, ila kuzifanya nyumbani na kazini kila siku ni safari, sio kwenda kazini. Tukaongea karibu saa nzima na nilipokata simu nikaona niandike na hapa, maana najua saa hizi kuna wengi kama yeye wanafunga mabegi huko Songea, Singida, Bukoba, na hili jambo mimi limeniumiza, sitaki limuumize mtu mwingine kama kuna namna ya kulikwepa.

Mimi nilikuja Dar mwezi wa saba 2017 kutokea Iringa. Kazi ilikuwa Kurasini, mambo ya kutoa mizigo bandarini. Nyumba nikaipata Tegeta. Nilienda kuiona Jumapili saa nne asubuhi, kutoka Mwenge mpaka pale daladala ilitumia kama dakika 25, upepo unapiga dirishani, barabara nyeupe, nikajisemea kumbe hii foleni ya Dar wanaikuza tu. Nyumba nzuri kweli, sikatai, na mtaa umetulia. Nikalipa miezi sita kwa 180,000, jumla 1,080,000, na dalali akachukua mwezi wake mmoja kama kawaida yao.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri nipo kituoni. Nilisimama mpaka Kariakoo, nikafika saa mbili kasoro, hapo bado nitafute gari la Mbagala linishushe Uhasibu, ofisini nikaingia saa mbili na nusu siku ya kwanza ya kazi huku jasho linanitiririka. Jioni ndo usiseme. Natoka saa kumi na moja, nafika nyumbani saa tatu, kuna siku saa tatu na nusu. Nikajaribu kuzungukia Ubungo nishuke na barabara ya Mandela, kule nikakutana na malori ya bandarini, ikawa yale yale. Mwanangu kipindi hicho ana miaka minne, asubuhi namwacha amelala, usiku namkuta amelala. Miezi sita mizima mwanangu nilikuwa namwona vizuri Jumapili tu. Hicho ndo kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka kinanichoma kuliko hela.

Sasa sikiliza, tatizo halikuwa Tegeta. Ningekuwa nafanya kazi Mwenge au Mbezi Beach, Tegeta ingekuwa sehemu nzuri tu ya kukaa. Tatizo ni kwamba Dar imekaa kama mkono. Kiganja ni Posta na Kariakoo, vidole ni barabara kubwa: Bagamoyo inakuja na Tegeta na Mwenge, Morogoro inakuja na Mbezi, Kimara na Ubungo, Nyerere, ile wazee wanaita Pugu Road, inakuja na Gongo la Mboto na Ukonga, alafu Kilwa inakuja na Mbagala na Mtoni. Asubuhi watu wote wanaingia kiganjani, jioni wote wanatoka, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoa huu, kwahiyo piga picha mwenyewe. Ukikaa kidole kimoja na kazi ipo kidole kingine, maana yake kila siku unashuka mpaka kiganjani ndo upande tena, au unapita Mandela au Sam Nujoma pamoja na malori na watu wengine wote walioamua kama wewe. Kwahiyo swali la kwanza kabla ya taili na gipsamu ni hili, kazi yako iko kidole gani, alafu tafuta nyumba kidole hicho hicho.

Kazi ikiwa Posta, Kivukoni au Kariakoo, Morogoro Road ina mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, tangu Mei 2016, inatoka Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, inasaidia sana japo asubuhi pale Kimara kuna kusukumana, na mvua kubwa ikinyesha Jangwani pakajaa maji ujue siku hiyo mtachelewa wote. Kigamboni kwa macho iko karibu kabisa na Posta, unaiona ng'ambo ile pale, ila maisha yako yatategemea pantoni au uzunguke Daraja la Nyerere. Kwa mtu wa viwanda vya Pugu Road au uwanja wa ndege, Ukonga na Gongo la Mboto zina akili kuliko Sinza, hata kama Sinza ndo jina ulilozoea kulisikia.

Na majina nayo yaangalie. Mbezi Beach na Mbezi ya Kimara, ile yenye stendi ya Magufuli, ni sehemu mbili tofauti kabisa, moja iko Bagamoyo Road nyingine Morogoro Road, na nimeona mtu kalipia chumba Mbezi akijua ni ile ya baharini. Ukiambiwa Tabata uliza Tabata ipi, kwa sababu Bima, Kimanga na Segerea wote watakwambia wanakaa Tabata. Na dalali akisema dakika tano kutoka lami, mwambie twende kwa mguu sasa hivi, mimi na wewe, na uangalie saa.

Hizo dakika tano zina bei. Pale Tegeta boda kutoka lami mpaka nyumbani ilikuwa 1,000, kwenda na kurudi 2,000, daladala mbili kwenda na mbili kurudi ilikuwa kama 2,000 nyingine, jumla 4,000 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 104,000. Maana yake nyumba yangu haikuwa ya 180,000, ilikuwa ya 284,000, na hapo sijahesabu chai ya kunywa njiani kwa sababu nyumbani nimetoka usiku. Sasa hivi nakaa Temeke, na nilipohamia nilikuwa nalipa 220,000, napanda gari moja, nauli 800 kwa siku, kwa mwezi haikufika hata 21,000. Nyumba ya bei kubwa imekuwa rahisi. Kaa chini na kalamu upige hii hesabu kabla hujavutiwa na bei ya dalali.

Kabla ya Temeke lakini nilipitia Tabata, na hapa naomba usome taratibu. Januari 2018 kodi ya Tegeta imeisha, nimechoka, nikataka sehemu ya haraka yenye unafuu wa kufika Kurasini kwa Mandela. Nikapata nyumba Tabata upande wa bondeni kuelekea mto Msimbazi, bei nzuri ajabu. Jua linawaka, kila kitu kikavu. Sasa alama zote zilikuwepo mbele ya macho yangu ila sikujua kuzisoma. Rangi ya ukutani ilikuwa mpya kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, juu ya hapo ni ya zamani. Soketi zimewekwa juu, usawa wa kifua, nikafikiri ni kwa ajili ya watoto wasichezee umeme. Mlangoni kuna kizingiti cha saruji kinafika karibu na goti, unaruka ndo uingie ndani. Na kwa jirani kabati na friji vimepandishwa juu ya matofali.

Mwezi wa nne masika yakaja. Usiku mmoja nikashuka kitandani kwenda chooni, mguu ukaingia kwenye maji. Hayakupita mlangoni, yalipanda kutokea kwenye tundu la bafuni, meusi, yananuka, na ndani ya nusu saa godoro linaelea. Nikamweka mtoto juu ya meza, dada wa kazi kashika bahasha ya vyeti vyetu juu ya kichwa, tumekaa hivo mpaka kunakucha. Friji limekufa, nguo, unga, daftari za mtoto, vyote. Majirani walikuwa wanajua, wenyewe kila masika wanahamisha vitu, ila hakuna aliyeniambia kwa sababu mimi sikuuliza.

Bonde la Msimbazi lina historia, mafuriko ya Desemba 2011 yalisababisha watu wa Jangwani na mabonde ya pale wahamishiwe Mabwepande. Kwahiyo ukienda kuona nyumba angalia hivo vitu nilivovitaja, gusa ukuta chini kama rangi inabanduka, chungulia nyuma ya kabati la mpangaji anayehama uone mstari wa maji. Kama unaweza, nenda siku mvua imetoka kunyesha. Machi mpaka Mei ni masika, Oktoba mpaka Desemba vuli, hiyo ndo miezi ambayo mtaa haufichi kitu.

Maji ya kutumia nayo usikubali kuambiwa tu kwamba ya Dawasa, yale ya bomba, yapo. Kaa kwa Mangi, kwenye duka hapo jirani, unywe soda, ukiona mikokoteni ya madumu inapita na watu wanatoka na hela mkononi, ujue bomba halina kitu au linatoa kwa mgao. Na kama nyumba inatumia kisima, omba maji kidogo unawe mikono na sabuni. Povu likigoma, hayo ni ya chumvi, chai itakuwa na ladha yake na utakuwa unanunua ya kunywa maisha yote, hasa sehemu za karibu na bahari.

Usiku rudi. Hii watu hawafanyi na inanisikitisha kwa sababu ni nauli ya mara moja tu. Lile banda la makuti ulilolipita mchana kimya kama shamba, Ijumaa usiku linaweza kuwa na spika nne zimeelekea dirishani kwako. Alafu simamisha boda saa tatu usiku umwambie akupeleke mpaka mlangoni pa nyumba unayotaka kupanga. Akikwambia dada nakushusha hapa mwanzoni, huko ndani siingii, huna haja ya kuuliza mtu mwingine habari za vibaka. Ukiwa bado na mashaka pita ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe, sema unataka kuhamia, uliza. Mimi Temeke nilifanya hivo na mwenyekiti mwenyewe ndo aliniambia dada yangu, ule mstari wa nyumba za kule chini usiende, masika wanateseka.

Mwenye mtoto wa shule, kumbuka mtoto naye ana njia yake. Jirani yangu mmoja alikaa mbali na shule ya mwanae, gari la shule linampitia saa kumi na moja kasoro alfajiri, mtoto wa darasa la kwanza anavalishwa viatu huku amelala, anapakiwa kama mzigo. Tafadhali usimfanyie mtoto hivo kwa ajili ya geti zuri.

Jambo la mwisho nililomwambia mdogo wangu ni kuhusu majina ya kujivunia. Nilipohamia Temeke kuna ndugu walinipigia kunipa pole, eti umerudi uswahilini. Lakini uswahilini huku mwanangu nikichelewa bibi wa nyumba ya pili anamlisha, nikisafiri majirani wanajua, sokoni naenda kwa mguu, saa kumi na mbili jioni nipo jikoni kwangu napika na mtoto ananisomea daftari lake. Nina miaka mingi hapa sasa na sijutii hata siku moja.

Basi tumekubaliana hivi. Dalali wa Chanika hatumiwi kitu. Mdogo wangu anashuka Magufuli Jumamosi, atalala kwangu wiki mbili mpaka apate pake, na mimi nimeshamwambia mume wangu. Jumapili tunaenda kuzunguka Makongo, Mlalakuwa na Sinza, zote ziko upande wa kazi yake. Jumatatu atatoka alfajiri aende akasimame kwenye vituo vya huko huko apande mpaka Mwenge kama mtu anayewahi kazini, aangalie saa aandike kwenye simu, na jioni arudi vile vile. Nimemwambia aje na viatu vya kufunga, kwa sababu vuli imeshaanza na nataka tuviingie hivo vichochoro vikiwa na matope.