"Kaka, hiyo inalipa?"

Vijana wa hapa Moshi huniuliza hivyo kuhusu kila kazi: kahawa, bodaboda, kuku, mlima. Siku hizi sijibu. Niliwahi kulijibu swali hilo kwa haraka, likanigharimu mibuni ya baba.

Nilianzia mlimani, nikiwa mgumu, kama tunavyojiita sisi wapagazi wa Kilimanjaro. Siku ya sita tunashuka geti la Mweka, magoti yanatetemeka. Pale mgeni aliyelipa maelfu ya dola anapokea cheti cha kufika kileleni, mita 5,895, anakibusu huku machozi yanamtoka. Hatua chache pembeni, sisi tumekodoa macho kwa kiongozi wa msafara tukisubiri atangaze tipu. Posho ya siku ilikuwa ya sukari tu. Tipu ndiyo iliyokuwa ada ya mdogo wangu. Kile cheti nisingekinunua hata kwa mia mbili. Lakini yule mgeni hakuwa amepunjwa, na mimi sikuwa nimepunjwa.

Baba alipofariki nikarudi Kibosho kushika kihamba, shamba letu la ukoo la kahawa na ndizi, kichwani nikiwa bado na hesabu za siku sita. Kahawa haina hesabu hizo. Mche mpya hukaa kama miaka mitatu kabla ya kukupa kitu cha kueleweka. Ukivuna, unamenya, unaloweka, unaosha, unaanika, unapeleka kahawa ya maganda chama cha msingi, unapewa malipo ya awali. Ya pili husubiri ikobolewe kiwandani na ipite mnadani huku mjini. Mimi nilichukua yale ya awali, nikagawa kwa miezi 12, nikaona ni matusi. Nikang'oa mibuni thelathini, nikapanda nyanya. Malipo ya pili yakaja, shimo limeshafukiwa. Na msimu ule kila mtu alikuwa na nyanya, hata wa kumgawia hukumpata.

Mama hakusema kitu. Yeye kahawa hakuwahi kuihesabu; ilikuwa hela ya baba, ndizi ndizo zilizokuwa zake. Kwake mwaka mzuri ni ule ambao kila wiki ulikuwapo mkungu wa kupeleka sokoni, na chumvi na sabuni hazikuombwa kwa mume.

Kwa hiyo ukitaka kuingia kwenye kazi, mtafute aliyezeekea humo umuulize: "Unajuaje kwamba mwaka umekwenda vizuri?" Halafu nyamaza, usimsaidie kujibu. Dada mmoja wa mitumba pale Kiboriloni alinijibu: "Mtaji urudi belo likiwa nusu. Zinazobaki ndiyo mimi." Mwalimu wangu wa darasa la saba, mstaafu, huhesabu wanaomsalimia stendi.

Binamu yangu alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanaiti, kwenye migodi ya Mererani. Kule wengi hawana mshahara. Mwenye mgodi anakulisha, mnasubiri mgodi uteme mawe mgawane. Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, binamu akajiongezea miaka miwili shimoni. Mgodi wao haukutema. Simcheki, alijua kazi ile hulipa kwa mkupuo au hailipi kabisa. Kosa lake lilikuwa kukopa ada za watoto akitegemea jiwe ambalo bado limo ardhini. Malipo ya kazi yakiwa mbali, hela ya mboga lazima itoke pengine, tena uitafute kabla hujaanza, si baada ya kukwama.

Mimi yangu inatoka kwa kuku wa mayai. Harufu yao siipendi hata kidogo, ila kila Ijumaa trei zinaondoka. Pale palipokuwa na nyanya nimerudishia mibuni thelathini, ina miaka miwili sasa. Mama hupita akaikagua, kisha ananiuliza kwa upole kama nyanya zimeiva.