Kabla ya konjelateri, barafu

Karibu kila wiki kuna mdogo wangu mmoja anayeniuliza swali lilelile, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, nataka kuanza kuuza samaki. Ninunue konjelateri ya lita ngapi?" Wengi wao wamekaa kwenye likelemba, yaani upatu, mwaka mzima, zamu yao imefika, dola ziko mkononi, na wanachotaka ni niwatajie tu ukubwa wa friza ili kesho asubuhi waende dukani. Jibu langu huwaudhi, lakini silibadilishi: usinunue bado. Nenda kajifunze barafu kwanza.

Mimi nilianza kinyume. Nilikuwa na konjelateri nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, kabla sijajua samaki anaozaje. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi limefika juu kabisa, mvua bado hazijashika. Nilipanda gari hadi Kasenga, nikanunua tilapia ukingoni mwa mto Luapula, kilo kama 80, wazuri, bado wanateleza mkononi. Nikawapanga kwenye mabeseni na mifuko, nikawafunika kwa majani mabichi na magunia niliyoloweka maji. Barafu ilikuwa inauzwa palepale. Nikauliza bei, nikaona ni kutupa pesa: ya nini, wakati mashine inanisubiri nyumbani?

Gari likaharibika kabla hatujafika Kasomeno. Tulikaa barabarani tangu asubuhi hadi usiku, shofere akiwa chini ya gari na sisi kivulini. Samaki hawakuwa na kivuli cha kuwatosha. Nilipofika nyumbani alfajiri, nikawamwaga wote ndani ya konjelateri kwa mara moja, mpaka kifuniko kikakataa kufunga na nikaweka tofali juu yake. Siku iliyofuata umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Siku ya tatu nilifungua. Wa juu na wa pembeni walikuwa wagumu kama mawe. Wa katikati vidole vilizama ndani yao, na harufu iliyotoka iliwafikia majirani.

Nilitupa zaidi ya nusu. Mama mkubwa wangu, ambaye ameuza samaki soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, tangu ujana wake, alisimama mlangoni akitazama. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mwanangu, baridi si dawa. Inamkuta samaki alivyo na kumwacha alivyo." Nimebeba neno hilo mpaka leo, na kila ninachokueleza hapa chini kimetoka ndani yake.

Samaki akifa, vijidudu vilivyo kwenye ngozi yake, kwenye matamvua na kwenye matumbo vinaanza kazi, na juisi za tumbo lake mwenyewe zinaanza kumla kutoka ndani. Joto linaharakisha yote hayo. Tilapia aliyeachwa kwenye nyuzi 30 hamalizi siku nzima. Tilapia yuleyule akifukiwa ndani ya barafu dakika anapotoka majini anaweza kukaa wiki nzima, hata mbili, akiwa bado chakula cha heshima. Saa zinazopotea mwanzoni hazirudishwi na mashine yoyote. Unaweza kuwa na chambre froide, chumba cha baridi, ya milioni mjini. Kama samaki alishinda juani Kasomeno, unagandisha uozo.

Mwaka 2022 mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, FAO la chakula na UNEP la mazingira, yalitoa ripoti kuhusu jambo hili. Walisema mwaka 2017 dunia ilipoteza tani milioni 526 za chakula kwa kukosa ubaridi wa kutosha, karibu asilimia 12 ya chakula chote kilichozalishwa. Nilipoisoma nilikumbuka mabeseni yangu. Lakini nadhani namba hiyo haielezi kila kitu tunachokiona sokoni. Angalia bei ya saa kumi jioni. Mama aliyenunua samaki kwa bei ya asubuhi, hana barafu, anaona macho ya samaki yanaanza kufifia, anauza kwa nusu, kisha kwa robo. Samaki huyo hakutupwa, ameliwa. Ila faida ya siku nzima imeyeyuka, na aliyemnunua ni yule mwenye pesa kidogo zaidi, anayewapelekea watoto kile ambacho wengine walikikataa. Hilo linaniuma kuliko kilo nilizotupa mimi.

Kwa hiyo, barafu.

Barafu inayoyeyuka ina sifa ambayo friza ya bei rahisi haina: inabaki kwenye nyuzi sifuri, haipandi wala haishuki, mpaka kipande cha mwisho kiishe. Samaki hagandi, hakauki, na maji yanayochuruzika yanaondoa ule utelezi wenye vijidudu. Tena haikatiwi umeme.

Kipimo chake kinafaa kukijua kwa kichwa. Samaki aliyetoka mtoni akiwa na nyuzi 25 anakula karibu robo kilo ya barafu kwa kila kilo yake ili tu ashuke hadi sifuri. Hiyo ni ya kumpoza. Barafu inayobaki ndiyo inayopambana na jua, bati la gari na urefu wa safari. Ndiyo maana kwa nchi za joto inashauriwa kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na mimi mwezi wa kumi naongeza. Wengi tunaweka vipande vichache juu ya beseni kama chumvi juu ya kachumbari, halafu tunasema barafu haisaidii.

Tumia boksi la frigoliti, ile povu nyeupe nyepesi inayozuia joto, au boksi la mbao ulilolivika frigoliti ndani. Ponda barafu iwe vipande vidogo, maana bonge kubwa linamgusa samaki sehemu mbili tu na kumuumiza ubavu. Anza na barafu chini, kisha samaki, barafu, samaki, na juu kabisa weka tabaka nene, kwa sababu maji ya baridi yanashuka. Samaki mkubwa mtoe matumbo na matamvua, umwoshe kabla ya kumpanga. Toboa tundu chini ya boksi. Watu wengi wanaliziba wakidhani wanahifadhi ubaridi, kumbe wanamwacha samaki alale ndani ya maji ya damu.

Na uliza barafu imetengenezwa kwa maji gani. Hili silisemi kwa haraka. Pwani za maziwa yetu na mji wetu wenyewe vinajua kipindupindu. Ugonjwa huo haufi kwa kugandishwa, unasubiri. Barafu ya maji ya mto uliyoiponda juu ya samaki itaingia kwenye mikono yako, kwenye kisu, kwenye kachumbari ya nyumba ya mtu. Kama hujui chanzo chake, igandishe wewe mwenyewe kwa maji uliyoyachemsha au kuyatia dawa, kwenye chupa au mifuko safi, ubebe kwenda nayo.

Biashara hii si ngeni huku. Enzi mji huu ukiitwa Elisabethville, wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga walikuwa wakipakia samaki wa Luapula na ziwa Mweru kwenye barafu na kuwasafirisha kwa malori kuja kulisha watu wa migodi. Barafu ililisha mji. Pia ilifanya mpumbu, aina ya samaki wa huko, wavuliwe bila kipimo, maana sasa kila aliyevuliwa aliweza kufika sokoni, na mpumbu wale wakapungua mpaka wakawa hadithi. Ninalitaja kwa sababu kuna anayedhani ubaridi ni ruhusa ya kununua zaidi. Kwangu una maana moja: niliyemnunua afike mezani, ili nisilazimike kununua mwingine wa kufidia aliyeoza.

Sasa twende kwenye konjelateri, najua bado unaitaka.

Friza ya nyumbani imetengenezwa kutunza kilichokwisha kuganda, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Uwezo wake wa kugandisha kitu kipya ni kilo chache kwa saa 24, na kwa mashine nyingi namba hiyo imeandikwa kwenye kibandiko au kwenye kitabu chake. Isome kabla ya kusoma lita. Mimi nilitia kilo 80 usiku mmoja. Leo kilo hizohizo ningezigandisha kidogo kidogo kwa usiku kadhaa, samaki wakiwa wamepangwa safu moja na tayari ni baridi kutoka kwenye barafu, na wengine wakisubiri zamu kwenye boksi. Samaki akiganda polepole, maji ndani ya nyama yake yanakuwa fuwele kubwa zinazopasua nyama. Ukija kumpika anaachia maji yote sufuriani, na mteja hasahau.

Kuhusu umeme, tupange maisha kana kwamba utakatika, kwa sababu utakatika. Konjelateri iliyojaa, isipofunguliwa, inashikilia ubaridi karibu siku mbili. Ikiwa nusu, siku moja. Kwa hiyo nafasi tupu zijaze chupa za maji ugandishe: ni akiba ya ubaridi wakati wa giza, na ni barafu ya sokoni asubuhi. Umeme ukienda, usifungue kuchungulia. Funika blanketi juu, ulitoe umeme ukirudi ili mashine ipumue. Kisha fanya kitu kidogo kilichoniokoa mara nyingi: gandisha maji kwenye kikombe, weka kijiwe juu yake, ukiache humo ndani. Ukirudi kutoka kilioni au safarini ukakuta kijiwe kimezama katikati ya barafu, ujue vitu viliyeyuka ukiwa haupo, hata kama sasa vyote ni vigumu. Samaki aliyelainika akapata joto asirudishwe kuganda. Kama bado ana chembe za barafu ndani yake, mpike au muuze siku hiyohiyo.

Jicho hilohilo lipeleke kwenye makatoni ya samaki wa baharini wanaoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Lori la baridi si friza yenye magurudumu. Mashine yake, ile iliyo juu ya kichwa cha lori, ambayo Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi, alifanikisha mwishoni mwa miaka ya 1930, kazi yake ni kulinda ubaridi wa mzigo uliopakiwa ukiwa tayari umeganda. Mzigo ukipakiwa vuguvugu, au ukibanwa mpaka hewa isipite, au injini ikizimwa kwenye foleni ya mpaka ili kubana mafuta, safari yote imeharibika. Mnunuzi hawezi kuona hayo, ila katoni linasema. Fungua moja kabla ya kulipa. Samaki walioshikana kuwa bonge moja, barafu nyekundu iliyotuama chini, katoni lililolowa likakauka likakunjamana: hao waliyeyuka njiani wakagandishwa tena. Rudisha, hata kama muuzaji ni mtu wa kwenu.

Kwa wanaouza mboga nitasema kidogo, si eneo langu. Nimeona wenzangu wakitia nyanya na ndizi kwenye frigo kali na kushangaa zinapoteza ladha na kugeuka nyeusi. Ndizi haitaki chini ya nyuzi 13, na nyanya ambayo haijaiva nayo ni hivyohivyo. Sombe na mboga nyingine za majani ndizo zinazotaka ubaridi na unyevu. Kiangazi chetu kikavu, kuanzia mwezi wa tano, kinakupa msaada wa bure: vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga uliolowa katikati, kitambaa chenye maji juu. Maji yakipaa yanaondoka na joto. Mvua zikianza, hewa ikishiba maji, njia hiyo inachoka.

Baada ya hasara ile sikununua mashine kubwa zaidi. Tuliungana akina mama wanne, konjelateri moja, daftari moja. Kule Nigeria kuna kampuni ya ColdHubs inayojenga vyumba vya baridi vya jua sokoni, na muuzaji analipa kwa kreti kwa siku. Sisi tulifanya hivyo kwa udogo wetu. Kila mmoja ana rafu yake, analipa kwa beseni, na pesa ya chupa za barafu inatoka kwenye mfuko wa pamoja. Mwenye safari ya Kasenga anaondoka na maboksi mawili yaliyojaa barafu tayari, hata kama anakwenda kununua kilo 30 tu. Mwanzoni mumewe mmoja wetu aliuliza kwa nini tunasafirisha maji. Hajauliza tena.

Jumamosi saa tisa alasiri tunafungua daftari. Samaki mbichi aliyebaki kwenye barafu hatumgandishi tena kwa matumaini ya Jumatatu. Tunawasha makala, yaani makaa, tunampasua, tunamtia chumvi, tunamkausha kwa moshi usiku ule akiwa bado mzuri. Mama mkubwa ndiye anayechagua wa kwenda motoni. Anafungua shavu, anatazama rangi ya matamvua, ananusa. Akinyamaza, tunaendelea. Akimweka pembeni, hatubishani.