Zambarau inayogeuka tope

Dada, umeuliza kwa nini kila ukichanganya nyekundu na bluu upate zambarau unapata tope. Kosa si mkono wako, ni ile nyekundu. Nyekundu nyingi za dukani zimeegemea rangi ya machungwa, yaani ndani yake umo unjano, na unjano ukikutana na zambarau unaifubaza. Tafuta majenta, ile nyekundu iliyoegemea waridi na zambarau, uichanganye na bluu ya ultramarini, ile bluu nzito iliyoegemea zambarau. Utaona tofauti palepale.

Mimi nilipata ujasiri nilipoacha kununua vichupa vingi. Hata Mzee Tingatinga, yule mchoraji, alianza hapa hapa Dar mwaka 1968 kwa rangi za kupaka baiskeli! Nilibaki na tano tu: majenta, njano, bluu mbili na nyeupe. Nikakata kadibodi, nikapaka doa la kila mchanganyiko, pembeni nikaandika kwa penseli: njano matone manne, bluu tone moja. Anza na ile nyepesi, ile kali uiongeze kwa ncha ya kisu, maana bluu ikizidi utamaliza njano yote ukihangaika kuirudisha. Na akriliki, rangi hii ya kuchanganya na maji, hukolea kidogo ikikauka, kwa hiyo usihukumu doa likiwa bichi.

Kisha nenda Coco Beach jioni na kadibodi yako, uishike mbele ya maji. Pale karibu na mchanga utakuta kijani kilichofifia, na madoa yako yote yataonekana yanang'aa mno. Ongeza chembe ya majenta kwenye kijani chako ili kifubae, ulinganishe tena.