Jibu: Aliyesomea hisabati anaweza kufika kileleni mwa uhandisi?

Mkuu, umeuliza kama binti yako mwenye shahada ya hisabati anaweza kuja kuongoza wahandisi. Mtazame Ann Dowling wa Uingereza. Alianza na hisabati Cambridge, akaingia uhandisi kupitia utafiti wa kelele za ndege, enzi za Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti. Hapo ndipo penye utamu: baadaye timu yake na wenzao wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walisanifu ndege ya kimya, injini zikae juu ya mgongo ili mwili wa ndege uzuie kelele zisishuke chini. (Ilibaki kwenye michoro, lakini wazo ni tamu.) Mwaka 1993 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa uhandisi Cambridge; 2009 mkuu wa idara; 2014 hadi 2019 rais wa Royal Academy of Engineering (taasisi ya kitaifa ya wahandisi wa Uingereza), mwanamke wa kwanza. Binti aangalie shahada ya pili ya akustika, yaani sayansi ya sauti.