Katuni ikilaaniwa haipotei, wazazi tukae macho

Wazazi wenzangu, tukisikia Marekani wameiondoa katuni fulani ya zamani sababu inadharau watu weusi tunapumua, tunaona imekwisha hiyo. Haijakwisha. Mwaka 1968 United Artists, kampuni iliyokuwa na haki zake, walizizuia katuni 11 za Warner Bros zisioneshwe tena kwa TV, moja ni Coal Black and de Sebben Dwarfs ya 1943, lakini wewe andika hilo jina kwa intaneti uone kama hutaletewa. Tena 2010 nane kati ya hizo zilioneshwa kwa tamasha la filamu Hollywood, ukumbini kabisa. Song of the South, filamu ya zamani ya Disney iliyolaumiwa vivyo hivyo, nayo Marekani haijawahi kuuzwa kwa kanda wala DVD, ila Uingereza kanda zilitoka, na kanda ikishatoka hairudi. Kampuni inafunga duka lake tu, zile zilizo mikononi mwa watu haina la kuzifanya.

Kulaani kuna faida, sikatai, mtoto hakutani nazo ovyo kwa TV. Lakini huku Mombasa unaenda kwa kibanda cha muvi unampa kijana flashi, unamwambia niwekee Tom and Jerry, anakujazia folda nzima hata hajui kilichomo, na lile onyo la ubaguzi wa rangi ambalo Amazon, wanaouza video mtandaoni, waliwekea Tom and Jerry 2014 humo halimo. Mwanangu aliona pale kitu kinalipuka Tom anatoka uso mweusi tii, midomo mikubwa, nywele zimefungwa vifundo vifundo, akacheka weee, halafu akaniuliza, "Mama, mbona akiwa mweusi ndio anachekesha?" Sikuzima. Nilirudisha nyuma nikasimamisha hapo hapo, nikamwambia waliochora hivi zamani walikuwa wanawacheka watu kama sisi, kama nyanya yako. Akaiangalia sana ile picha akasema, "Lakini nyanya hayuko hivo."

Kwa hivyo usingoje wafute, hawawezi. Pitia folda wewe kwanza, na kama mtoto ni mdogo hajaweza kuuliza, toa hizo faili bila kuzungumza mengi. Aliyeanza kuuliza kaa naye, na tafadhali usimfokee kwa kucheka, hajui, na ukimfokea ataenda kuziangalia kwa jirani ambako hakuna wa kumweleza. Na yule kijana wa kibanda mwambie pia, kwa upole, wa kwetu hapa Majengo nilimwonesha akazitoa kwa folda ya watoto siku hiyo hiyo.