Elfu tatu ya kila mwezi inaufaa utafiti wa saratani kuliko hundi ya Oktoba

Msomaji mmoja, ofisa utumishi wa kampuni iliyoko Barabara ya Nyerere, ameniandikia kwamba wafanyakazi wake 60 wamechoka kuvaa fulana za pinki kila Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, kupeleka sabuni na juisi hospitali ya saratani ya Ocean Road, kupiga picha na kurudi kazini. Wanataka kuchangia utafiti wenyewe. Waanzie wapi?

Sabuni zinahitajika, wasiache kuzipeleka. Ila utafiti hauendi kwa hesabu ya siku moja. Kule Mumbai, watafiti waliwafuatilia wanawake wapatao 150,000 kwa zaidi ya miaka 10 ili wajue kama kipimo cha siki kinaokoa maisha. Mhudumu anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, kisha anaangalia palipogeuka peupe. Vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vilipungua kwa asilimia 31. Jibu kama hilo halipatikani kwa fedha za msimu. Linataka fedha inayokuja Februari na Julai, wakati hakuna kamera.

Kwa hiyo tumieni makato ya mshahara, na yawe kiasi maalumu, si asilimia. Aliyesoma kwa mkopo tayari anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi na Bodi ya Mikopo, halafu kuna PAYE na NSSF. Ukimwongezea asilimia nyingine atakubali kwa aibu na kujitoa mwezi wa pili. Watu 60 kwa shilingi 3,000 ni 180,000 kwa mwezi, sawa na 2,160,000 kwa mwaka.

Fomu iwe ya ukurasa mmoja: jina, namba ya mfanyakazi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, mwezi wa kuanza, mwezi wa kukoma, utafiti unaochangiwa na saini. Iwemo sentensi kwamba anaweza kusitisha wakati wowote bila kutoa sababu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inambana mwajiri kuhusu makato, kwa hiyo mwanasheria aione kwanza. Akisita, kila mtu aweke agizo la kudumu benki kwake. Na bosi asitangaze kwamba "wote tutachangia". Hapo mchango unageuka tozo, na watu wanaanza kunung'unika kwenye foleni ya chai.

Msiwaahidi wafanyakazi nafuu ya kodi, maana PAYE yao haitapungua. Kampuni ikiongeza cha kwake, hicho ndicho kinaweza kutolewa kwenye hesabu za kodi, kisizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara, na mpokeaji awe anatambuliwa na TRA kuwa taasisi ya hisani.

Kabla ya shilingi ya kwanza, mwombeni mtafiti mkuu wa utafiti mnaotaka kuuchangia bajeti na kibali cha maadili, kiwe cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au cha bodi ya chuo chake. Someni tarehe, kwa sababu kibali cha NIMR hudumu mwaka mmoja, kisha huhuishwa. Fedha iingie kwenye taasisi, kamwe isiende kwenye simu ya mtu. Taasisi ya umma itawapa kumbukumbu namba ya kulipia.

Kisha chagueni mstari mmoja wa bajeti mnaoumudu. Mimi ningechagua fomalini, dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili visiharibike, na vikopo vyake. Kipande cha titi kilichotolewa kwa uchunguzi kinatakiwa kizame kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kipande, kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Fomalini ikiwa kidogo, nje kinakakamaa huku katikati kinaharibika. Kikopo cha mdomo mwembamba nacho kinakiminya. Maabara inapokuja kupima vipokezi vya homoni, yaani kama uvimbe unaitikia homoni, jibu linaweza kuwa la uongo, na mgonjwa huyo ametobolewa bure. Inaniuma kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kuharibu kazi ya miaka.

Mstari mwingine mzuri ni vocha za simu na nauli za kuwarudisha wagonjwa kliniki. Aliyetoka Kigoma akipotea, mtafiti hajui kama yu hai, na kila anayepotea anayadhoofisha majibu.

Michango mingi hufia kwenye akaunti ya kampuni. Inakaa miezi mitatu, halafu inanunua dizeli ya jenereta "kwa muda". Mhasibu aipe mstari wake kwenye orodha ya mishahara na ailipe siku ile ile anayolipa NSSF.

Kila robo mwaka bandikeni karatasi moja kwenye ubao wa matangazo: kilichokatwa, kilicholipwa, tarehe, namba ya stakabadhi na idadi ya wagonjwa walioingia kwenye utafiti. Jina la mgonjwa lisiwepo, wala picha yake, hata akiwa mama wa mfanyakazi mwenzenu na amekubali kwa mdomo.